Nyamizi na Mafahali Watatu wa Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Zizi la nani lile?

— La mwenye kuuliza!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema kama sisi, alikuwako mjane huko Unyamwezi, jina lake Nyamizi. Kazi yake ilikuwa kufuga ng'ombe, na ugonjwa wake ulikuwa kuuliza. Ndama akizaliwa na mkia mfupi, atauliza, "Mkia huu umetoka wapi?" Majirani hucheka.

Lakini alikuwa na jambo la kumliza. Kila kiangazi ndama wake walidhoofika, wakafa. Fahali wake naye akazeeka, akafa. Zizini wakabaki majike peke yao, na mkubwa wao aliitwa Kidoti.

Kidoti akamwambia, "Mama, tutafutie fahali. Lakini uangalie sana. Ukileta mbaya, mwakani zizi hili utafugia kuku."

Fisi akasikia. Huyo ndiye aliyekuwa akila mizoga ya wale ndama, akashiba bila jasho. Akaja mbio.

"Shikamoo, mama! Mafahali ninao watatu. Njoo uchague."

Nyamizi akaenda, na Kidoti nyuma yake. Fahali wa kwanza alikuwa mnene, anang'aa kama kapakwa mafuta. Wa pili alikuwa jitu, kichwa kama kinu. Wa tatu alikuwa wa kadiri, ngozi imejaa makovu ya miiba.

"Mchukue huyu mnene," Fisi akasema, mate yanamdondoka. "Nyama tupu!"

Nyamizi akamzunguka yule mnene. "Baba, wanao wako wapi?"

"Wanangu wa nini? Nitazame mimi!"

"Wewe nimekuona. Nataka kuwaona wanao."

Fisi akanuna, lakini angefanyaje? Wakaenda. Wana wa mnene walikuwa wamelala kivulini, mbavu nje.

"Baba yenu kanenepa kwa nini?" Nyamizi akauliza.

"Kwa pumba na mashudu, mama. Yeye hulishwa zizini. Sisi tunachungwa kama wengine."

Kumbe! Nyamizi akawaza, unono ule ni wa hori, si wa damu.

Wakaenda kwa wana wa jitu. Hawakukuta ndama. Walikuta majike wawili wanalia.

"Ndama walikuwa wakubwa mno," wakasema. "Wenzetu wamekufa wakizaa."

Nyamizi akamshika Kidoti shingo.

Wakaenda kwa wana wa mwenye makovu. Jua kali, majani makavu, nao wanakula tu, mapaja yamejaa.

"Baba yenu huwapa nini?"

"Hatupi kitu, mama. Tumezaliwa hivi."

Nyamizi akamchukua mwenye makovu. Kijiji kizima kikamcheka: "Kaacha nyama, kachagua ngozi mbovu!" Naye akamswaga fahali wake hadi zizini.

Ndama wakazaliwa salama. Wa Kidoti akatoka mwekundu. Na Kidoti mweusi, na fahali mweusi! Nyamizi akashika kidevu.

"Wewe nawe umetoka wapi?"

Fahali akacheka. "Mama yangu alikuwa mwekundu."

"Hata kwetu alikuwako mwekundu," akasema Kidoti. "Damu hujificha, mama. Haipotei."

Nyamizi akakaa mchana kutwa akimtazama yule ndama, wala hakumchoka.

Kiangazi kikaja, kikali kuliko vyote. Fisi akakaa nje ya boma kungoja mzoga. Akangoja, akangoja, akangoja. Ndama wakatafuna majani makavu, wakanona. Mwisho njaa ikamshinda, akamrukia ndama mwekundu. Fahali akamchota kwa pembe, akamrusha ng'ambo ya boma, pu! Tangu siku hiyo Fisi hutembea kiuno kimeshuka.

Na wale waliocheka? Walikuja mmoja mmoja, wameshika kamba za majike yao, wakaomba fahali. Nyamizi akawapa.

Ndugu zangu, maji hufuata mkondo. Usihukumu mbegu kwa ganda lake, tazama ilichozaa. Na usimcheke anayeuliza.

Ngano yangu nimeiingiza zizini, mlango nimeufunga. Ikiwa nzuri, ni yetu sote. Ikiwa mbaya, apewe Fisi.