Ngiri Aliyeziba Njia ya Bwawani

Paukwa!

Pakawa!

Na mlioketi kule nyuma, mmeitika au mnatafuna tu? Haya, tuongozane.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata babu yangu alizisikia tu, palikuwa na kilima kiitwacho Mkoleni. Chini ya kilima palikuwa na bwawa liitwalo Nyasini. Na kati ya Mkoleni na Nyasini palikuwa na njia. Njia nyembamba, iliyolainika kwa nyayo. Wenye kwato walipita, wenye kucha walipita, wenye kutambaa walipita. Asubuhi walishuka na kiu. Jioni walipanda na matumbo yamejaa maji, chubwi, chubwi, chubwi.

Kando ya njia hiyo Muhanga alichimba shimo. Muhanga ni yule mwenye masikio marefu, mla mchwa. Wengine humwita kukukifuku, na majina yote mawili ni sahihi. Alikaa, akachoka, akahama. Shimo likabaki wazi.

Akaja Ngiri. Si nguruwe wa kufugwa, wala si nguruwe-mwitu wa msituni. Ngiri, mwenye meno yaliyopinda, ambaye akikimbia mkia wake husimama wima. Akaliona shimo, akalipenda, akahamia. Na ile njia ilikuwa ikipita mbele ya mlango wake, katikati ya uwanja.

Pale Mkoleni palikuwa na desturi. Apitaye uwanjani kwa mtu hubisha hodi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni!"

"Tunapita tu."

"Piteni."

Wakapita. Kesho tena hodi, kesho tena piteni.

Sasa, Ngiri alikuwa na namna yake ya kuingia nyumbani. Hakutanguliza kichwa. Aligeuka, akaingia kinyumenyume, makalio kwanza, uso nje, ili adui akija akutane na meno. Ngiri wote hufundishwa hivyo na mama zao.

Lakini watoto wa Kanga hawakufundishwa hivyo. Namsema kanga ndege, mwenye madoadoa, si ile ya kujifunga kiunoni. Walikuwa wengi, na kila jioni walisimama njiani kumtazama.

"Njooni, njooni! Baba Ngiri anaingia kwa mkia!"

"Baba Ngiri, macho yako umeyaweka huko nyuma?"

"Kekekeke! Kekekeke!"

"Nyamazeni, mtu mzima huyo," mama yao aliwaambia. Lakini naye alificha mdomo chini ya bawa, na bawa likatikisika.

Tena watoto wale walichakura uwanja, paru, paru, paru, wakitafuta wadudu. Ngiri akifagia, wanachakura. Akifagia tena, wanachakura tena.

Ngiri akaona haya. Haya ikageuka hasira. Asubuhi moja akakata matawi ya mgunga yenye miiba mirefu. Akayaburuta, kwaru, kwaru, kwaru. Akayarundika njiani, upande wa juu na upande wa chini, hata mlango wake usionekane kabisa. Akajikung'uta vumbi. Akasimama.

Wa kwanza kufika alikuwa Kobe, mzee kuliko wote pale kilimani.

"Hodi wenyewe!"

"Shikamoo, babu. Leo hakuna hodi. Njia imefungwa."

"Marahaba. Imefungwa na nani?"

"Na mimi. Hapa ni nyumbani kwa mtu."

"Najua. Mimi sitaki nyumba, nataka maji."

"Zunguka kwenye majabali."

"Mjukuu wangu, miguu hii unaiona? Nikizunguka kwenye majabali, nitafika bwawa limekauka, mvua imenyesha, limejaa tena."

"Hayo si yangu, babu. Shimo hili ni langu."

"Shimo ni la Muhanga," akasema Kobe. "Na Muhanga aliikuta njia. Wewe uliikuta njia na shimo. Wa mwisho kufika ndiye anayefunga mlango?"

"Zunguka, babu!"

Basi Kobe na wote waliofika baada yake wakazunguka. Kwenye majabali jua lilichoma, mawe yaliteleza. Kanga na wanawe waliruka jiwe hadi jiwe wakilalamika, kere, kere, kere. Kobe alipanda jiwe la kwanza, akapinduka chali, miguu hewani. Kanga na wanawe wakamsukuma mpaka akageuka.

"Mimi narudi," akasema Kobe. "Nitakaa mbele ya ile miiba mpaka ioze."

Akarudi. Akaketi mbele ya miiba, upande wa juu, koo limemkauka, ulimi umekuwa kama jani la mwaka jana. Akalamba umande, akangoja.

Na Ngiri? Ngiri alistarehe. Uwanja umefagiliwa, umekaa hivyo hivyo. Akiingia kinyumenyume, hakuna wa kucheka. "Ah! Hii ndiyo nyumba," akasema.

Lakini chini ya yale majabali aliishi Chatu. Chatu hapendi kelele. Na sasa kelele zilikuwa juu ya kitanda chake kutwa. Kwato, ko, ko, ko! Kucha, kwaru, kwaru! Kanga, kere, kere, kere! Akafumba macho, hakulala. Akafumba tena, hakulala.

"Pamekuwa sokoni hapa," akasema Chatu. "Nahama."

Akateremka, akitafuta penye kimya. Akaikuta miiba ya Ngiri. Miiba kwa Chatu ni nini? Akapita chini yake, suluu, kama maji. Akaona uwanja safi. Akaona shimo zuri. Akatega sikio. Hapiti mtu. Ngiri mwenyewe alikuwa malishoni. Chatu akaingia, akajikunja, akalala usingizi mtamu.

Jioni Ngiri akarudi. Alipenya kwenye kichochoro chake mwenyewe pembeni ya miiba. Akatazama kulia, shwari. Akatazama kushoto, shwari. Akageuka. Akaingia kinyumenyume, polepole, kwa raha zake.

Kitu cha baridi kikamgusa.

"Nani?" akauliza Ngiri.

"Karibu," ikajibu sauti ndani. "Asante kwa kutanguliza panaponona."

Lo! Ngiri akaruka, lakini Chatu alikuwa amekwisha kumzunguka mguu wa nyuma. Ngiri akavuta, Chatu akavuta. Kichwa kilitoka nje, kiuno kilibaki ndani. Na yale meno makali yalikuwa upande wa uwanja, ambako hapakuwa na adui.

"Uwii! Jamani! Nakufa!"

Njiani hapakuwa na mtu. Njia yenyewe haikuwepo.

Ng'ambo ya miiba Kobe akatoa kichwa kwenye gamba.

"Hodi wenyewe!"

"Ingia, babu! Ingia upesi!"

"Nitaingiaje? Njia imefungwa."

"Nimeifungua!"

"Umeifungua saa ngapi? Naiona miiba."

"Sasa hivi, babu! Ananibana!"

"Kwa leo, au kwa siku zote?"

"Siku zote!"

"Na watoto wa Kanga?"

"Na watoto wa Kanga!"

"Na wakicheka?"

"Wacheke! Wacheke wapasuke! Babu, kiuno changu!"

Kobe akainua shingo, akaita kwa sauti yote iliyobaki katika koo lake kavu: "Enyi wa majabalini! Njia imefunguliwa! Piteni!"

Wakaja. Kanga na wanawe wakaruka juu ya miiba, puruu! Wenye kwato wakaisukuma kwa pembe, kracha! Hawakumwuma Chatu, hawakumpiga. Walifanya lile walilokuwa wakilifanya siku zote. Walipita.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni!" akalia Ngiri.

"Tunapita tu!"

"Piteni! Piteni!"

Wakapita kwenda, wakapita kurudi. Ko, ko, ko! Kwaru, kwaru! Kere, kere, kere! Vumbi likajaa shimoni. Watoto wa Kanga wakachungulia mlangoni wote kwa pamoja: "Hodi na wewe wa ndani! Unaamkaje?"

Chatu akachoka.

"Kumbe nyumba hii iko njiani!" akasema kwa hasira. "Na mimi niliambiwa na miiba kwamba ni ya faragha."

Akamwachia Ngiri mguu, akatoka, akapita katikati yao bila kuaga, akarudi majabalini kwake, ambako sasa palikuwa kimya.

Ngiri akaketi chini, akihema. Kisha akaanza kuondoa miiba, tawi kwa tawi. Kanga akawageukia wanawe. "Nanyi, atakayechakura uwanja wa mtu, nitamchakura mimi." Wakajificha nyuma yake.

Njia ikawa wazi. Wote wakakaa pembeni, wakamwachia Kobe atangulie, kwa kuwa ndiye mwenye kiu kuliko wote. Kobe akaenda, hatua, pumzi, hatua, pumzi. Alipofika katikati ya uwanja, mbele ya mlango hasa, akasimama.

"Mjukuu wangu, nipumzike hapa kidogo?"

Ngiri akafungua mdomo. Akautazama mguu wake uliovimba. Akafunga mdomo.

"Pumzika, babu," akasema. "Nikuletee maji?"

Ngano hii yafundisha hivi: ukiweka nyumba penye njia ya wote, waache watu wapite. Nawe unayepita, bisha hodi, wala usiharibu uwanja wa mwenzako.

Hadithi yangu imefika bwawani, nami naiacha inywe maji.