Jiwe la Punda na Maji ya Hori

Paukwa!

Pakawa!

Walioketi nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, mimi sijazaliwa wala nyinyi hamjazaliwa, palikuwa na kijiji cha wanyama kando ya hori. Hori ni mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu. Maji yakijaa, yanaingia. Maji yakipwa, yanatoka. Yanaingia, yanatoka, kila siku ya Mungu.

Kijijini palikuwa na jiwe moja la kusagia mtama, kubwa kama kibanda. Aliyelizungusha alikuwa Punda. Tangu alfajiri mpaka jua kuchwa, kwata, kwata, kwata. Ngiri akala uji. Nyani, mkuu wa kijiji, akala uji bakuli tatu. Punda akazunguka.

Siku moja magoti yakamvimba. Akazunguka nusu, akaanguka, pu! Akajaribu kuinuka, asiweze.

Ngiri akajitolea. Akasema shingo yake ni nene, jiwe litamtambua. Akazunguka mara saba, kizunguzungu kikamshika, akaenda mrama mpaka akaugonga mnazi, akauomba radhi akidhani ni shemeji yake.

Basi wakatafuna mtama mzima mzima. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Watoto wakaumwa matumbo. Nyani akatoa amri: kesho Punda arudi kwenye jiwe, awe mgonjwa, awe mzima. Punda, aliyelazwa bandani kando ya jiwe, akasikia. Aligeuza tu uso ukutani.

Aliyesema ni Kaa. Kaa aliishi kwenye tope, chini ya mikoko, na siku hiyo alipanda mpaka barazani kwa Nyani.

"Mzee Nyani," akasema, "mwache Bi Punda alale. Yuko mwenye nguvu kutushinda sote. Hupita hapa mara nne kwa siku, mara mbili akija, mara mbili akirudi, wala hana magoti ya kuvimba."

"Nani huyo?"

"Bahari."

Baraza zima likacheka. Nyani akasema anayetembea kiubavu hata mawazo yake huja kiubavu. Lakini tumbo lake nalo lilikuwa likimuuma, kwa hiyo akampa Kaa siku saba. Akishindwa, Punda atarudi kuzunguka.

Kaa akaanza kazi. Ngiri akasukuma mawe, wakajenga ukuta kukata mdomo wa hori, wakaacha mlango katikati. Mlangoni wakaweka gurudumu kubwa la mbao, lenye makafi kama ya mtumbwi. Wakaliunganisha na jiwe kwa mti mrefu, hili likigeuka na lile ligeuke. Punda, akiwa amelala pale pale, ndiye aliyewafundisha jiwe linataka nini. Hakuna aliyelijua kama yeye.

Siku ya saba maji yakaanza kujaa. Yakafika ukutani, yakatafuta njia, yakauona mlango. Gurudumu likatikisika. Likalia, kwiii. Kisha, gurugudu, gurugudu, gurugudu! Jiwe likazunguka, unga ukamwagika. Maji yalipopwa, gurudumu likageuka upande wa pili, na unga ukamwagika vile vile.

Punda akatazama. Siku hiyo hakujua aifanyie nini miguu yake.

Wakala, wakashiba. Ikapita wiki. Yakaja maji mafu, zile siku ambazo bahari hujaa kidogo na kupwa kidogo. Gurudumu likaenda kwa kusuasua, kwi... kwi... kwi. Kaa akawaambia wawe na subira siku chache, bamvua likija maji yatajaa tele.

Nyani hakuweza kungoja. Akawaza kwamba bahari inachelewa kazini kwa sababu inaachwa iende kwao. Ikifungiwa ndani, itasaga mchana na usiku. Basi mchana, wenzake wamejilaza, maji yamejaa ndani, akauziba mlango kwa mawe na tope, tena akakaa juu ya ukuta kulinda.

Gurudumu likasimama kimya. Maji yasiyokwenda popote hayasukumi kitu. Siku ya pili hori likaanza kunuka. Samaki wakaja juu kutweta. Kaa akamsihi Nyani afungue. Nyani akajibu kuwa bahari inajifanya mkaidi tu, itazoea.

Siku ya nne, asubuhi, likaja bamvua. Maji yakapanda nje ya ukuta, yakapanda, yakapanda. Ukuta ukatoa sauti ndogo, kah. Halafu, puuu! Mawe yakaruka, gurudumu likang'oka, na Nyani akajikuta amelikumbatia. Likabingirika naye. Kichwa juu, mkia juu. Kichwa juu, mkia juu. Wanyama wakacheka mpaka walipoona haibuki tena upesi.

Punda hakungoja kuombwa. Akaingia majini kwa magoti yake yale yale, maji yakamfika kifuani, akamgeuzia Nyani mkia. Nyani akaushika kwa mikono miwili. Punda akavuta, akavuta, akamtoa.

Nyani akatapika maji. Kisha akamtazama Punda.

"Bi Punda, mimi ndiye niliyesema urudi ukiwa mgonjwa."

"Nilikusikia," Punda akasema.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini mawe ya ukuta utayabeba wewe."

Akayabeba, moja moja, mpaka mgongo wake ukaota sugu. Ukuta ukasimama tena, gurudumu likarudishwa mahali pake, mlango ukaachwa wazi. Tangu siku hiyo walisaga sana wakati wa bamvua, wakaweka akiba ya unga kwa siku za maji mafu.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni neno hili. Bahari itakufanyia kazi ukiifuata nyendo zake. Ukiifunga, itakubeba wewe na ukuta wako. Na kiumbe aliyechoka apumzishwe kabla hajaanguka.

Ngano yangu imekomea hapo. Iliyo njema ichukueni, iliyo mbaya niachieni mwenyewe.