Kamba Isiyofungwa Popote

Bwana mmoja aitwaye Kobelo alikuwa na maradhi ya kusema kweli. Hata ule uongo mdogo wa kumbembelezea mtoto alale hakuutaka nyumbani mwake. Bintiye Tunu hakuwahi kusimuliwa habari za sungura. Akiomba hadithi, alielezwa mvua hunyeshaje, basi, akalale.

Kati ya kijiji chao na njia ya zahanati palikuwa na korongo lenye maji, na daraja lake lilikuwa gogo moja nene la mvule, lililolala imara tangu zamani. Kando yake, usawa wa kiuno, ilipita kamba ya katani. Watu walisema ilisokotwa na Bibi Mwamvita, aliyevuka mafuriko na mapacha mgongoni, na kamba ikambeba isikatike. Basi kila aliyepita aliigusa. Wanawake walivuka na ndoo kichwani huku wakipiga soga.

Siku moja Kobelo akaikagua nguzo ya ng'ambo, ile iliyofungiwa kamba. Loo, imeoza! Kamba ilikuwa imenasa kwenye mizizi tu, isingezuia hata kuku. Akauliza habari za Bibi Mwamvita. Hakuna aliyemjua wala aliyelijua kaburi lake. Kobelo akawaka. Watu wazima na akili zao wanadanganywa na kikamba! Akaikata, akaitia begani, akaenda kuitupa mbele ya watu gulioni, akawaambia kuwa miaka yote walikuwa wakishika hewa. Na hakusema uongo.

Gogo lilibaki lile lile, halikupungua hata upana wa kidole. Lakini waliokuwa wakipita na soga zao sasa walilipanda kama punda, wakijikokota kwa makalio. Mzee mmoja alianguka na mkungu wake wa ndizi, akavunjika bega. Wengine wakahamia njia ya mlimani, safari ya kutwa nzima. Kobelo aliwacheka, akawa anavuka mbele yao kifua mbele. Hakumwambia mtu kwamba siku hizi naye alikuwa akiitazama miguu yake.

Ndipo mkewe, mama Tunu, akashikwa na uchungu. Mkunga alimpapasa, akatikisa kichwa: mtoto amekaa vibaya, zahanati, na upesi. Njia ya mlimani isingemfikisha hai. Walipofika korongoni, mama Tunu aliweka mguu mmoja juu ya gogo, akarudi akaketi chini, akalia. Kumbeba hakukuwezekana, maana gogo lilitosha nyayo za mtu mmoja, na wawili wangeteleza pamoja. Kobelo akamweleza kwamba gogo ni pana, halijasogea, na yeye amelivuka tangu usichana wake. Yote kweli tupu. Hakuna hata neno moja lililomwinua pale chini. Kobelo alimwangalia mkewe anavyokunja uso kwa maumivu, na hofu ikamwingia moyoni.

Akafungua mzigo wa nguo waliokuja nao, akaziunga kanga ncha kwa ncha. Ncha moja akaifunga kwenye mti wa upande huu, akavuka na ya pili. Ng'ambo hapakuwa na kitu cha kufungia ila majani marefu. Akachuchumaa humo, akaizungusha kanga mkononi.

"Imefungwa, baba Tunu?" mkewe aliita.

"Imefungwa. Mti mkubwa huu, hautikisiki. Njoo."

Mama Tunu akainuka. Akaja taratibu, vidole vyake vikigusa kanga, macho yake mbele. Kobelo, aliyejikaza kwa mikono miwili tayari kumzuia, hakusikia uzito wowote. Kanga ilikuwa nyepesi mkononi mwake mpaka mwisho. Mkunga naye akafuata, akigusa vile vile. Walipofika, hakuna aliyeuliza mti uko wapi. Jioni ile mtoto alizaliwa salama, na mama yake akanywa uji.

Jamani, leo hii jirani yako anavuka akigusa kamba ambayo wewe unajua haikufungwa popote. Kisu cha kuikatia unacho, je, mkono wa kuishikia unao?