Mtoto wa Chilongani Hana Jina

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya kukosa magari, Chilongani alikuwa anakwenda kuoa ng'ambo ya mbuga. Baba mkwe alishatoa neno: jua likizama bwana harusi hajafika, hakuna harusi. Basi Chilongani, roho juu juu, akaapa mbele ya ukoo mzima: "Atakayenifikisha ndiye atakayempa jina mwanangu wa kwanza!" Kiapo cha mwenye haraka hicho.

Wakabanana kiti cha mbele cha pikapu: dereva Ndahani, Shangazi Matika, Mjomba Sudai mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, na bwana harusi mwenyewe.

Saa saba mchana Ndahani akakanyaga breki. "Mto umefurika! Tugeuze." Kweli, lami mbele ilimeta maji matupu. Chilongani nusura alie. Shangazi akashuka, akafunga kibwebwe, akayafuata. Akienda, maji yanarudi nyuma. Akienda, yanarudi nyuma.

"Maji gani haya yanamkimbia mwanamke? Mazigazi hayo! Washa gari, mwoga wewe!"

Saa tisa wakasimama kuchimba dawa. Breki ya mkono ilikufa kitambo. Ndahani akaona mlima mbele, akatia jiwe nyuma ya gurudumu, akaacha gari bila gia. Lo! Gari likaanza kupanda mlima lenyewe, Chilongani na Mjomba wakiwa ndani.

"Majini!" Chilongani akapiga yowe.

"Majini gani? Makalio yangu yanateremka," akasema Mjomba, asiyeona mlima wala bonde. Akanyoosha mkongojo, akakandamiza breki. Kumbe pale ni mteremko, vilima vya kando vimedanganya macho, na chini kuna korongo.

Jioni jua likawakaa usoni, kioo kikawa cheupe pe. Ndahani akakanyaga breki.

"Tena?" Shangazi akafoka. "Njia nyeupe, nenda!"

"Mchumba wangu huyo anakwenda!" akalia Chilongani.

"Nisichokiona sikiendei." Ndahani akavua shati, akafuta kioo, akakinga macho kwa kiganja. Hatua kumi mbele, lori bovu limelala katikati ya barabara.

Wakalizunguka, wakafika jua limebaki ukucha. Ndoa ikafungwa. Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wa kiume.

"Bila miguu yangu mngegeuza," akasema Shangazi. "Ataitwa Matika."

"Hilo jina la kike, Shangazi!"

"Atalizoea."

"Bila makalio yangu asingekuwa na baba," akasema Mjomba. "Ni Sudai."

"Bila breki yangu tungeliwa matanga," akasema Ndahani. "Ni Ndahani."

"Breki ya kuogopa mazigazi!"

"Ndiyo hiyo hiyo iliyokuokoa, Shangazi."

Sasa mtoto anatambaa, kadi ya kliniki haina jina. Mama yake akiita "We!", kuku wote wanageuka. Jana kasema: jina lipatikane leo, la sivyo anarudi kwao na mwanawe. Chilongani kashika kichwa, kiapo hakimezeki.

Haya, nyie mnaocheka, msaidieni: kati ya hao watatu, nani hasa aliyemfikisha?