Talaka ya Marehemu

Usiku, Raya akiwa amempakata Sabri ananyonya, alisikia mumewe anacheka chumba cha pili. Kicheko kilekile kinachoanzia puani kisha kinakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mikono ikamkaza mtoto mpaka akaliachia ziwa akalia. Maana Hamadi, mumewe huyo, alikuwa amekufa. Lori la maji alilokuwa akiendesha Muscat lilipinduka, akazikwa hukohuko, na huku Tanga waliojua ni watatu tu: Saumu dada yake, Khatibu mdogo wake, na Raya mwenyewe. Asiyejua ni mama yao, Bi Zuwena, na ndiye aliyekuwa akichekewa.

Tulieni niwaambie kicheko hicho kilitoka wapi, kwa sababu nikifika mwisho nitawadai neno.

Bi Zuwena alikuwa na ukungu machoni na moyo uliochoka. Alipofiwa na mumewe alianguka, akalala kitandani muda mrefu, na daktari akawaonya wanawe: habari nyingine kama hii msimpe, hatainuka. Kwa hiyo ilipokuja habari ya Hamadi, hao watatu walijifungia jikoni wakalia huku wameuma kanga, wakafuta nyuso, na kila mmoja akatoa alichojaliwa.

Saumu alijaliwa kutunza. Hatupi kitu, hata mfuko wa sukari ukiisha ataukunja auweke. Kila ujumbe wa sauti Hamadi aliomtumia mama yake ulikuwa kwenye simu ya Saumu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimsikilizisha mama. Miaka mizima ya "Shikamoo mama", na "Umekula nini leo", na "Sawa mama, utakavyo". Akazitoa jumbe zote. Kisha akamgeukia Raya. "Na wewe wifi, lete za kwako." Raya akakataa. Alizotumiwa yeye ni za mtu na mkewe, aanzeje kumpa shemeji azisikilize? "Hizi ni zangu," alisema. "Ndizo nilizobakiwa nazo."

Khatibu alijaliwa kompyuta. Ana kibanda cha kutengeneza simu, lakini kichwa chake kinakwenda mbali kuliko kibanda. Aliweza kuifundisha kompyuta sauti ya mtu mpaka ikasema maneno ambayo mwenyewe hakuwahi kuyasema, na ikamjibu anayezungumza nayo. Akaifundisha sauti ya kaka yake, akaiunganisha na simu ya mama, akaipa amri moja juu ya zote: usimbishie mama, lolote atakalo mwambie sawa. "Kaka ndivyo alivyokuwa," alisema. "Sijaongeza kitu."

Raya alijaliwa uso. Uso wake ulitii, ukiambiwa cheka unacheka. Na huo ndio alioutoa, akatoa na eda yake pamoja. Mjane hukaa ndani, hajipambi, hajitii harufu, watu wakamjua kuwa amefiwa. Yeye alinyimwa. "Mama haoni," Saumu alimwambia, "lakini pua yake inaona. Mke mwenye mume hunukia. Ukikosa udi siku mbili atauliza nani kafa." Basi kila magharibi, katika miezi ile ambayo hata tone la manukato ni haramu kwake, Raya aliweka udi kwenye chetezo, akafukiza kanga zake, akaenda kukaa miguuni pa Bi Zuwena, mavyaa yake, wakacheka. Usiku ukiingia anakwenda msalani, anafungulia maji, ndipo analia.

Na Bi Zuwena akapona, hilo msilisahau mtakapohukumu. Akala, akatembea ukumbini kwa kushika ukuta, akaanza na utani wake. "Saumu, Hamadi yuko ng'ambo ya bahari na kila usiku ananipigia. Wewe uko chumba cha pili, shikamoo yako naidai." Hata Sabri akajifunza kuinyooshea simu mkono na kusema baba.

Sasa rudini kwenye usiku ule. Kicheko kilipokatika Raya alisikia jina lake, akaweka sikio ukutani.

"Raya wako huyu," Bi Zuwena alikuwa akisema, "anajifukiza kila magharibi, na wewe uko Muscat. Anajifukizia nani?"

"Sijui, mama."

"Anacheka mno. Mwanamke ambaye mumewe hayupo hachekicheki hivyo. Na usiku namsikia maji yanamwagika. Anakoga janaba ya nani?"

"Sijui, mama."

"Mwache, mwanangu."

"Sawa mama, utakavyo."

"Sawa si talaka. Tamka."

"Nimemwacha, mama."

"Na mtoto?"

"Mtoto abaki kwako."

Yalisemwa kwa upole, kwa sauti ileile iliyomposa.

Asubuhi Bi Zuwena alimwita mbele ya Saumu na Khatibu. "Mkaza mwanangu, na hii ndiyo mara ya mwisho kukuita hivyo. Mumeo amekuacha kwa kinywa chake na masikio yangu yamesikia. Leo funga nguo zako, kesho kaka yako aje akuchukue, ukakae eda kwenu. Mtoto ataachishwa ziwa, Saumu atampikia uji. Na kama unataka kulia, lia, nakuruhusu."

Raya akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumlilia Hamadi waziwazi, kwa sauti, mpaka akakaa chini, na Bi Zuwena akatikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani mwanamke analia kwa sababu amegundulika.

Khatibu alikimbilia kompyuta. Jioni ile sauti ikasema alivyoipanga: "Mama, nimefikiri, namrejea mke wangu." Bi Zuwena akaiinamia simu. "Hamadi hajapata kunirudishia neno," alisema. "Nani huyu?" Akashika kifua, midomo ikageuka rangi, Saumu akamtia kidonge chini ya ulimi, na Khatibu akairudishia mashine amri yake ya zamani. "Sawa mama," ikasema. "Nimekosa. Utakavyo." Ndipo akapumua.

Jikoni wakageukiana.

"Ni amri yako, Khatibu," Saumu alisema. "Nani alikutuma uiambie isibishe?"

"Nimeifundisha ulichonipa, dada. Ulinipa mtoto wa mama. Mume ningemtoa wapi?"

Wote wawili wakamtazama Raya.

"Usingetunyima zile za kwako," Saumu alisema, "ingejua Hamadi ana mke."

"Na udi, wifi, nani alinifukizisha?"

Saumu akainamia sufuria.

"Lakini maiti haachi mke," Khatibu alisema. "Hiyo si talaka, kwa sheria yoyote."

"Nenda kamwambie mama, basi," Raya alijibu.

Hakuna aliyeinuka.

Bi Zuwena aliposinzia, Raya aliingia akaichukua simu pembeni ya mto, akaiweka mdomoni.

"Hamadi."

"Naam."

"Unanijua?"

"Samahani, sikujui. Nani mwenzangu?"

"Raya."

"Ah. Mama ameniambia habari zako."

Akaibana simu shavuni. Kisha akasema kwa haraka, neno juu ya neno, "Hamadi, wewe umekufa, ulipinduka na lori, mimi ni mjane wako, na mama yako hajui."

"Sawa," ile sauti ikasema. "Basi usimwambie, atashtuka. Na mimi sitamwambia mtu mwingine."

Hapo ndipo walipo. Kapu la nguo liko mlangoni, kaka yake Raya yuko njiani, na Sabri analilia ziwa mikononi mwa shangazi yake. Raya akisema neno moja atampata mwanawe, na pengine wamzike bibi yake kabla ya jua kuzama. Akinyamaza, kizee ataishi, na mtoto atakua akisimuliwa kwamba mama yake alikuwa malaya.

Yupo aliyeitunza sauti, yupo aliyeifundisha utiifu, yupo aliyeufukizia msiba udi usinuke. Angekosekana mmoja wao, Bi Zuwena angekuwa kaburini zamani. Angekosekana mmoja wao, Raya asingeachwa. Basi kati yao nani amempokonya Raya mtoto, na nani aingie chumbani kwa mama akalitoe hilo neno? Au wote wafunge midomo?

Wewe uliyekaa hapo, ungeamua nini? Usiseme kwa nguvu, Bi Zuwena hajalala sana. Niambie mimi sikioni. Sitamwambia mtu mwingine.