Farasi wa Mshamu na Mashahidi Watatu

"Muuza farasi haulizwi nasaba." Mmemsikia mjomba wenu akimwambia dalali maneno hayo, mkacheka, kwa kuwa farasi mmemwona pichani tu. Mimi sicheki. Methali hii ilizaliwa nyumbani kwetu, na ilianza hivi.

Babu wa mama yangu, Mshamu bin Kombo, alirithi kwa baba yake farasi jike mmoja, jina lake Johari. Ndiye pekee aliyebaki wa mbegu yao. Wengine walimalizwa na maradhi ya mbung'o. Mshamu alitaka Johari azae tena kabla hajazeeka. Alisema mbegu ile ikikatika mikononi mwake, hataweza kulizuru kaburi la baba yake.

Akaja muuza farasi mmoja, Sefu, na dume la kijivu lenye kupendeza, pamoja na barua ya nasaba yenye muhuri. Mshamu hakuwa mjinga. Alijua karatasi hubeba lolote, akatafuta mashahidi. Alimuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, akamuuliza sonara, akamuuliza na jirani yake. Wote watatu walimwambia neno lilelile, mpaka majina ya mababu wa farasi kwa mpangilio wake. Moyo ukatulia. Akamnunua, akampandisha Johari.

Mtu mmoja hakumuuliza: Feruzi, mtunza banda wa baba yake, aliyekuwa amezeeka na kuhamia shamba, mwendo wa asubuhi moja tu. Nitasema kweli ingawa ni babu yetu: alimdharau. Aliona haya kwenda kuuliza nasaba kwa mzoa samadi.

Miezi kumi na moja ikapita. Johari akashikwa na uchungu siku mbili, mtoto hatoki. Hapo ndipo Feruzi alipoitwa. Alipopita karibu na lile dume alisimama, akainama, akatazama kovu kwenye paja la nyuma.

"Huyu umempata wapi, Bwana Mshamu?"

"Katoka ng'ambo. Ana barua."

"Kovu hili kalipatia kwenye komeo la banda hili hili, ana siku tatu. Nilimpaka majivu mwenyewe. Marehemu baba yako alimuuza alipoachishwa ziwa, nawe ulikuwa safarini."

"Yule nilisikia alikuwa mweusi."

"Farasi wa kijivu huzaliwa mweusi, bwana. Huyu ni mtoto wa Johari."

Mshamu akashika mwimo wa mlango. "Niliuliza watu watatu, Mzee Feruzi."

"Nao waliambiwa na nani?"

Mshamu akawakumbuka mmoja mmoja. Wote watatu walikuwa wakinywa kahawa baraza moja na Sefu.

"Ungekuja kwangu, mwanangu," Feruzi akasema. "Mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa."

Johari alikufa adhuhuri, kichwa chake mapajani mwa Feruzi. Mtoto alitoka hai, lakini miguu imepinda, hakuweza kusimama. Walimnywesha maziwa ya mbuzi siku saba, na siku ya nane hakuamka. Mshamu alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Baada ya arobaini akaja mgeni kutaka kulinunua lile dume. Akauliza, kama wanunuzi wanavyouliza, farasi huyu ni wa ukoo gani. Barua ya muhuri ilikuwa bado imo ndani, kwenye kasha. Mshamu hakuitoa.

"Leo muuzaji ni mimi," alimwambia, "na muuza farasi haulizwi nasaba. Nenda shamba kwa Mzee Feruzi ukamuulize yeye. Usione haya kama nilivyoona mimi."