Picha ya Mtungi

Wazee waliosema kuku mgeni hakosi kamba mguuni hawakuwa na chuki na kuku. Mwenye nyumba humfunga mgeni wake kwa sababu anamjua: akimwacha huru mapema, atatoroka kurudi alikotoka, na njiani atakutana na mbwa. Kamba yenyewe ni ya muda tu. Ila kuku hayajui hayo. Yeye huvuta na kuvuta, akiamini ameonewa. Ndivyo alivyo binadamu anayefika ugenini akakuta kanuni zinamsubiri mlangoni.

Msichana wa hadithi hii aliitwa Kiroboto nyumbani kwao, na jina lilimkaa sawasawa. Hakujua kutulia. Alianza ushonaji akaacha, akaanza uuguzi akaacha, mpaka wajomba zake wakawa wanamuuliza kwa kicheko, "Na sasa hivi unaacha nini?" Alipojiunga na chuo kusomea mambo ya kale, kisha akachaguliwa kwenda nchi ya mbali kwa mafunzo ya uchimbaji, mama yake alimshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, hili limalize. Niwafunge watu midomo."

Kiroboto aliapa. Hakukuwa na kitu duniani alichokitaka kama cheti cha mafunzo hayo.

Mkuu wa kambi, mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu, aliwasomea kanuni kabla hawajafungua hata mabegi. Hakuna kutoka kambini peke yako. Hakuna pombe. Hakuna kung'oa kitu ardhini kabla hakijapimwa na kupigwa picha palepale kilipolala. Na hakuna picha ya kitu kilichochimbwa kwenda kwa mtu yeyote nje ya kambi, hata awe mzazi.

"Shamba hili si letu, tumekaribishwa," alisema. "Atakayevunja hiyo ya mwisho atarudi kwao. Sitauliza mara mbili."

"Hii ni shule au jela?" Kiroboto alimnong'oneza mwenzake wa chumbani.

"Jela hawakupi mwiko wa kuchimbia," mwenzake akamjibu.

Kazi yenyewe ilitaka moyo wa subira. Kutwa nzima mtu amepiga magoti shimoni, anakwangua udongo kwa mwiko mdogo, tabaka jembamba baada ya jingine, kisha anauchekecha. Miguu inakufa ganzi, mgongo unalia. Kiroboto aliinuka kila mara: kunywa maji, kufunga viatu, kuchungulia shimo la jirani. Jioni aliuzunguka uzio wa kambi kama aliyepoteza kitu. Hata hivyo alikuwa na jicho zuri na mkono mwepesi, na mkuu wa kambi hakuwa kipofu. Akamkabidhi kazi ya kupiga picha, akamfundisha kwamba kila picha lazima iwe na kibao chenye jina la shamba na namba ya shimo, pamoja na rula na mshale wa kuonyesha kaskazini.

"Picha isiyo na kibao ni yatima," alimwambia. "Hakuna anayejua ilikozaliwa."

Wiki ya mwisho ilipokaribia, mwiko wa Kiroboto uligusa mdomo wa mtungi. Ulikuwa mzima, mabega yake mviringo, na shanga za bluu bado zimeizunguka shingo. Watu wote walikusanyika ukingoni kuutazama. Mkuu wa kambi akaamuru usiguswe hadi Jumatatu, atakapofika mtaalamu wa kuutoa. Kiroboto alipanga kibao, rula na mshale, akapiga picha kwa kamera ya kambi. Kisha akapiga moja kwa simu yake.

Picha ile ilimkosesha raha. Alikula bila kuonja, akacheka pasipochekesha, akawa anaitazama simu na kuirudisha mfukoni. Aliwaza vile vicheko vya wajomba. "Mama tu," alijiambia. "Mama si mtu wa nje." Akaandika: Mama, hiki nimekichimba mimi. Usimwonyeshe mtu.

Lakini mama yule angewezaje kunyamaza? Miaka yote alikuwa amemeza kejeli za kaka zake. Aliituma picha kwenye kundi la ukoo, nalo kundi la ukoo lina watu, na watu wana marafiki. Ikatoka ikaenda zake.

Jumapili kambi nzima ilikwenda mjini kununua mahitaji, akabaki mlinzi wa shamba peke yake. Waliporudi walikuta shimo limefumuliwa kwa majembe. Mtungi haukuwapo. Kingo walizozikwangua kwa subira zilikuwa zimebomoka, na shanga chache zimekanyagwa kwenye matope. Mwenzake wa chumbani aliketi chini akalia. Kiroboto hakuweza hata kulia.

Mwenye shamba alifika akifoka. "Mlinzi alikuwa wapi?"

"Nilikwenda kisimani kuchota maji, mzee," mlinzi alisema. "Nimerudi nimekuta hivi."

"Umewauzia wewe!"

"Mimi? Mimi namjua mnunuzi gani wa vyungu vilivyozikwa?"

"Kusanya virago vyako. Leo hii."

Simu ya Kiroboto ikatetemeka. Alikuwa mjomba wake mkubwa, yule mwenye kicheko kirefu kuliko wote. "Mpwa wangu, leo nakuvulia kofia! Jamaa fulani wa vitu vya kale waliniuliza umeuchimba wapi. Nikawaambia wasome kibao."

Kiroboto alikwenda nyuma ya mabweni, akarudi, akaenda tena. Hakuna aliyejua. Akifunga mdomo, Ijumaa atapewa cheti chake na mama atafurahi. Kwenye lango, mlinzi alikuwa anakunja blanketi lake. Alilikunja vibaya, akalikunjua, akaanza upya. Kiroboto alishindwa kuendelea kumtazama.

"Mzee, mwache," alimwambia mwenye shamba. "Ni mimi. Nilituma picha."

Mkuu wa kambi alimgeukia. "Kwa nani?"

"Kwa mama."

"Mama tu?"

"Mama tu, Mwalimu."

Mkuu wa kambi alifumba macho kidogo. "Umemwokoa mtu, na kwa hilo nakushukuru kwa dhati. Lakini kesho unaondoka."

"Na cheti?"

"Hakuna cheti."

Mama yake alimpokea kituoni amevaa nguo zake nzuri, uso wote tabasamu. Alimkumbatia, akamtazama, akamkumbatia tena.

"Mbona mmemaliza mapema?"

"Sijamaliza, mama. Nimefukuzwa."

"Nani kakufukuza? Kwa kosa gani?"

"Kwa ile picha. Wezi waliiona, wakaja wakauchukua mtungi."

Mama alikumbuka kundi la ukoo. Rangi ilimtoka usoni.

"Uliniambia nisimwonyeshe mtu," alisema.

"Nami niliambiwa nisikuonyeshe hata wewe."

Walinyanyua begi pamoja, kila mmoja ameshika upande wake, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumlaumu mwenziwe. Kiroboto alijua kwamba kamba aliyoikata kwa haraka ilikuwa imebakiza siku chache tu ifunguliwe kwa heshima. Hakika, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.